Wimbi Halijiendeshi Lenyewe



Ukiwasha televisheni jioni ya leo, hutachelewa kukutana na Asia. Stesheni hii ina tamthilia ya Kihindi, ile ina ya Kikorea, nyingine ya Kichina, na kijana aliyejikunja pembeni na simu yake anatazama katuni za Kijapani. Leo sitakusimulia nani kamwacha nani. Nataka tuwasikilize watu wanaozichunguza kazi hizi kama wengine wanavyochunguza udongo au malaria: watafiti wa vyuo vikuu wa Tokyo, Singapore, Taipei, Seoul, Delhi na kwingineko. Kwa zaidi ya miaka thelathini wamekuwa wakiuliza swali moja lenye majibu mengi. Kitu kinapopendwa na mamilioni, ni nani hasa aliyekifanya kipendwe?

Swali hili lina ukoo wake. Katika miaka ya 1940, wanafalsafa wawili wa Kijerumani waliokimbilia Marekani, Theodor Adorno na Max Horkheimer, waliandika kwamba filamu na muziki wa redio vimekuwa bidhaa za kiwandani, na mtazamaji hulishwa tu. Hoja hiyo ilitawala kwa muda mrefu, na bado ina nguvu. Ila waliofanya utafiti Asia walipoingia viwandani na sebuleni, waliyoyaona yalikuwa na mikono mingi kuliko hoja ile ilivyokubali.

Tuanze na Korea Kusini, maana ndiyo inayotajwa kila mahali watu wanapojadili sanaa na uchumi. Mwaka 1994, baraza la ushauri wa sayansi na teknolojia lilimpelekea Rais Kim Young-sam ripoti iliyowashtua wakubwa: mapato ya picha moja ya Hollywood, Jurassic Park, yalilingana na mauzo ya nje ya magari milioni moja na nusu ya Hyundai. Nchi ilikuwa inajivunia magari, kumbe mijusi ya kubuni ya kwenye filamu hiyo inaingiza fedha kama yale magari yote! Serikali ikaamka. Mwaka 1999 ikapitishwa sheria ya kukuza tasnia za utamaduni. Muda si mrefu, tamthilia na muziki wa Korea vikaenea Asia nzima, na baadaye dunia nzima. Parasite ikatwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2020.

Hivyo ndivyo maofisa wanavyopenda kuisimulia: kiongozi aliona mbali, fedha zikatoka, nyota zikang'aa. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mtafiti Doobo Shim, katika makala yake ya mwaka 2006, anaisimulia kwa namna nyingine, nayo ina vurugu zaidi. Anarudi nyuma hadi mwaka 1988, makampuni ya Hollywood yaliporuhusiwa kusambaza picha zao Korea moja kwa moja bila kupitia mawakala wa nchini. Watengenezaji filamu wa Korea waliona wanauawa. Wakaandamana, na mambo yakafika mahali nyoka wakaachiwa ndani ya majumba ya sinema yaliyokuwa yakionyesha picha za Marekani. Hasira ile ilizaa kizazi cha watu waliojifunza kazi ya yule waliyekuwa wakimpinga, wakaichanganya na ya kwao.

Kisha ukaja msukosuko wa fedha wa mwaka 1997. Makampuni makubwa kama Samsung, yaliyokuwa yameingia kwenye filamu, yakajitoa. Stesheni za televisheni za nchi jirani, zikiwa na muda mwingi wa kujaza na fedha kidogo, zikatafuta tamthilia za bei nafuu. Za Kikorea zilikuwa nafuu kuliko za Kijapani. Televisheni ya taifa ya China ilikuwa tayari imerusha moja mwaka huo wa 1997, na Wachina wakaipenda. Kwa hiyo wimbi la Korea lilianza kwa sehemu kubwa kutokana na uamuzi wa wanunuzi wa vipindi huko Beijing, Taipei na Hong Kong, watu ambao hakuna sanamu iliyosimamishwa kwa ajili yao. Sera ilisaidia, sikatai. Lakini ilikuja kumwagilia shamba ambalo wengine walikwisha kulima.

Ukitaka kuona mikono hiyo kwa karibu, fuata safari ya hadithi moja. Mwaka 1992 mchoraji wa Kijapani Yoko Kamio alianza kuchapisha hadithi ya katuni, Hana Yori Dango, kuhusu binti wa familia ya kawaida anayesoma shule ya matajiri, na vijana wanne wa kitajiri wanaoitawala shule hiyo. Mwaka 2001 ikatengenezwa tamthilia yake, na wa kwanza kuigeuza kuwa tamthilia ya televisheni yenye waigizaji walikuwa Wataiwani, chini ya mtayarishaji Angie Chai. Wakaiita Meteor Garden. Mamlaka za China zilizuia isirushwe mwaka 2002, lakini ikasambaa kwa diski za kudurufu. Mwaka 2003 ikaingia Ufilipino, nako ikapendwa sana. Wajapani wenyewe wakatengeneza tamthilia yao mwaka 2005, Wakorea mwaka 2009, na Wachina mwaka 2018.

Sasa niambie, hadithi hiyo ni mali ya nani? Kwa mujibu wa sheria, haki ina mwenyewe. Lakini umaarufu wake ulijengwa na mtayarishaji wa Taipei, muuza diski wa Guangzhou, mtafsiri wa Manila, na wasichana walioirudia mara kumi. Chua Beng Huat, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, ameitumia mizunguko ya namna hii kuonyesha kwamba Asia ya Mashariki imejenga soko lake la utamaduni pendwa, kwa sehemu kubwa juu ya mitandao ya biashara ya watu wanaozungumza Kichina, bila kusubiri ruhusa ya Hollywood. Yeye na mwenzake wa Taiwan, Kuan-Hsing Chen, walianzisha mwaka 2000 jarida la Inter-Asia Cultural Studies, ili mtafiti wa Jakarta aweze kujibizana na wa Seoul, na kazi yake isiishie tu kwa msomaji wa London. Chen baadaye akaandika kitabu kizima juu ya hoja hiyo: Waasia wakijipima, wajipime pia wao kwa wao.

Na mtazamaji je? Hapa, msikilizaji, ndipo utafiti huu unaponivutia zaidi.

Mwezi Januari 1987, televisheni ya serikali ya India, Doordarshan, ilianza kurusha Ramayan, masimulizi matakatifu ya Wahindu yaliyogeuzwa tamthilia na Ramanand Sagar. Kila Jumapili asubuhi nchi ilisimama. Watu walioga, wakavaa vizuri, wengine wakaivika televisheni shada la maua na kuifukizia ubani, kana kwamba ni madhabahu. Baada yake ikafuata Mahabharat. Mwanaanthropolojia Purnima Mankekar alikwenda kukaa na akina mama wa Delhi, wa familia za kipato cha chini na cha kati, akatazama pamoja nao. Katika Mahabharat kuna tukio ambalo Draupadi, mke wa wafalme, anadhalilishwa kwa jaribio la kumvua nguo mbele ya baraza la wanaume, na waume zake wako hapo hapo, hawafanyi kitu. Mankekar aligundua kwamba tukio hilo halikuwafanya wanawake wale wazungumzie enzi za kale tu. Waliongea juu ya mahari, juu ya wakwe, juu ya nyumba ambamo mwanamke anaweza kuaibishwa mbele ya ndugu na asipate wa kumtetea. Tamthilia ya serikali, iliyokusudiwa kulea taifa moja, wao waliifanya kipimo cha maisha yao wenyewe.

Ungeishia hapo, ungesema mtazamaji ni mjanja, hadanganyiki. Lakini mtafiti mwingine, Arvind Rajagopal, aliichunguza Ramayan iliyotangulia akaona kitu kingine. Katika kitabu chake cha mwaka 2001 anaeleza jinsi tamthilia hiyo ilivyowapa wanasiasa wa utaifa wa Kihindu lugha na picha ambazo watu wengi walikuwa wakizitazama kwa wakati mmoja kwa mara ya kwanza. Chama chao cha BJP, kilichokuwa na viti 2 tu bungeni mwaka 1984, kilipata 85 mwaka 1989. Tarehe 6 Desemba 1992, umati uliubomoa msikiti wa Babri mjini Ayodhya, mahali ambapo Wahindu wengi wanaamini ndipo alipozaliwa Rama, shujaa wa masimulizi hayo. Rajagopal hasemi kwamba tamthilia ilibomoa msikiti. Anasema televisheni ilifungua uwanja, na wenye mpango waliuwahi.

Televisheni ni moja, watafiti ni wawili, majibu ni mawili, na yote ni ya kweli. Mama wa Delhi alilia kwa ajili ya binti yake. Mwanasiasa naye akahesabu kura. Anayetuambia kwamba tamthilia ni burudani tupu, na anayetuambia kwamba ni sumu tupu, wote wawili hawajakaa sebuleni muda wa kutosha.

Sasa tutoke sebuleni, tuingie kiwandani. Mwaka 1996 mwanaanthropolojia Tejaswini Ganti alianza utafiti katika tasnia ya filamu za Kihindi mjini Bombay. Hakutosheka na mahojiano. Alifanya kazi uwanjani, akiwa msaidizi wa waongozaji, pale mwangaza unapowekwa na watu wanapogombana kuhusu ratiba. Anaeleza jinsi picha ilivyoanza: muswada uliokamilika mara nyingi haukuwepo, mwongozaji alikwenda kwa nyota akamsimulia hadithi nzima kwa mdomo, tukio kwa tukio, naye nyota akaamua kwa kusikia. Siku ya uzinduzi nazi ilivunjwa kuomba heri. Mitaji ilitoka kwa wakopeshaji binafsi wenye riba kubwa, na nyingine ilikuwa fedha zisizojulikana zimetoka wapi, kwa sababu benki hazikuutambua utengenezaji wa filamu kuwa ni sekta halali ya kukopeshwa.

Mwaka 1998 serikali ya India ikaitambua filamu kuwa ni tasnia. Milango ya benki ikaanza kufunguka. Wakati huo huo majumba ya kisasa yenye kumbi kadhaa ndogo na tiketi za bei juu yalikuwa yameanza, la kwanza likiwa lile la Delhi mwaka 1997. Kwa hesabu za maofisa, hayo yote ni maendeleo. Ganti anauliza: maendeleo kwa nani? Mtayarishaji aliyekuwa akihangaikia mbeba mizigo anayelipa rupia chache kwenye jumba la viti elfu moja, sasa aliweza kurudisha fedha yake kwa watazamaji wachache wenye uwezo wa mijini, na kwa Wahindi walioko London na New Jersey. Hadithi nazo zikahamia kwenye majumba ya kifahari na harusi za mamilioni. Mbeba mizigo akatoka kwenye picha, kisha akatoka kwenye ukumbi. Takwimu za mapato haziwezi kukuonyesha mtu huyo, kwa sababu hayumo tena ndani yake.

Wengine waliosahaulika ni wafanyakazi. Tarehe 1 Januari 1963, Osamu Tezuka alianza kurusha katuni yake Astro Boy kwenye televisheni ya Japani. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde moja, na kuchora mchoro mpya kwa kila picha ni kazi isiyolipika kwa kipindi cha kila wiki. Tezuka na wenzake wakatumia mchoro mmoja kwa picha tatu, wakasogeza mdomo tu na uso ukabaki vilevile, wakarudia mandhari. Na kipindi wakakiuza kwa bei ya chini kuliko gharama, wakitegemea mauzo ya vitu vya kuchezea na bidhaa nyinginezo kufidia pengo. Ubunifu huo ndio uliozaa sura ya katuni za Kijapani tunayoijua. Uliacha pia bajeti finyu zilizowabana wachoraji kwa miongo mingi iliyofuata. Kampuni aliyoianzisha Tezuka, Mushi, ilifilisika mwaka 1973. Sehemu ya kazi ya kuchora ikahamishiwa Korea Kusini, kisha Ufilipino na China. Mtafiti John Lent wa Marekani ametumia miaka mingi kufuatilia njia hizo, na wengi hushangaa wakiambiwa kwamba hata katuni ya Kimarekani kabisa kama The Simpsons kwa sehemu kubwa imechorwa Seoul.

Na huko huko Seoul, mwaka 2009, vijana watatu wa kundi la muziki la TVXQ waliishtaki kampuni yao kwa mkataba uliowafunga miaka 13. Mwaka huo huo Tume ya Ushindani wa Haki ya Korea ikatoa mkataba wa mfano wenye kikomo cha miaka 7. Kabla ya hapo, kijana aliyeingia akiwa mwanafunzi wa sekondari angetoka akiwa mtu mzima, ujana wake wote ukiwa mali ya kampuni. Anayesema tuige Korea, aseme pia kama anaiga na mikataba yake.

Liko jambo la mwisho la Asia ambalo nisingependa tulipite. Serikali nyingi zimeamini kwamba nchi ikipendwa kwenye kioo, itapendwa na kwenye siasa. Japani ilipoionyesha Winter Sonata ya Korea, kwanza mwaka 2003, maelfu ya akina mama wa makamo walimpenda mwigizaji wake mkuu, Bae Yong-joon, hadi wakajaa viwanja vya ndege kumpokea. Walijifunza Kikorea na kusafiri hadi kisiwa cha Nami kuona miti iliyoonekana kwenye tamthilia. Japani iliitawala Korea kwa mabavu kuanzia mwaka 1910 hadi 1945, kwa hiyo wengi walitumaini kwamba jeraha la zamani limeanza kupona. Koichi Iwabuchi, mtafiti wa Kijapani, akauliza swali zito: je, mapenzi hayo yamewafikia Wakorea wanaoishi Japani, watoto na wajukuu wa waliohamia au kuvushwa enzi za ukoloni, ambao wengi wao walificha majina yao ili wapate kazi? Jibu lake lilikuwa la tahadhari. Mkorea wa kwenye kioo alipendwa, jirani Mkorea hakupata nafuu ya kiasi hicho. Na mwaka 2005, katikati ya mapenzi hayo, kitabu cha katuni cha kuwachukia Wakorea kiliuzwa kwa wingi Japani. Mwaka 2016, Korea Kusini ilipokubali mitambo ya Marekani ya kuzuia makombora, wasanii wake walikuta milango ya China imefungwa, licha ya mashabiki wao wote.

Sisi wa pwani hii hatuko nje ya mambo hayo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya majumba ya sinema Tanzania, ameandika jinsi picha za Kihindi zilivyotawala Zanzibar na miji ya pwani tangu miaka ya 1950, na jinsi wazee walivyoikumbuka filamu ya Awara ya Raj Kapoor na mijadala waliyokuwa nayo juu ya mapenzi na utii kwa wazazi. Picha zile hazikuletwa na balozi yeyote. Zililetwa na wafanyabiashara wa hapa hapa, na vijana wa baiskeli waliokimbiza mikanda kutoka jumba moja hadi jingine usiku ule ule. Baadaye wakaja watafsiri wa mabanda ya video, Lufufu akiwa mashuhuri wao, aliyetuwekea maneno ya Kiswahili kinywani mwa steringi wa Asia. Matthias Krings, Mjerumani, ameandika juu yao.

Kisha hali ikabadilika kidogo. Mwaka 2011 Watanzania waliiona kwenye TBC tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa na sauti za Kiswahili, na mwezi Machi 2013 Rais Xi Jinping, akihutubia Dar es Salaam, aliitaja kuwa ushahidi wa ukaribu wa watu wetu na wake. Kiongozi alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini kama Mankekar angekaa na akina mama wa Temeke waliokuwa wakiitazama, nadhani angesikia mengi zaidi juu ya wifi na mama mkwe kuliko juu ya urafiki wa mataifa.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tunao watazamaji, tunao watafsiri, tunao waigizaji wa kuingiza sauti wanaolipwa kwa kazi hiyo hivi sasa, na wengi wao hawajaulizwa na mtafiti yeyote wanalipwaje, wanakata nini kwenye tafsiri na kwa nini. Vyuo vyetu vina idara za Kiswahili, za sanaa na za habari. Mwanafunzi anayetafuta mada ya shahada ya uzamili hana haja ya kwenda mbali: aombe ruhusa akae studio mwezi mmoja, kisha akae sebuleni mwezi mwingine. Na wizara inayopanga kuiga mafanikio ya Seoul ingoje kwanza imsome huyo mwanafunzi, kabla haijaagiza mtaalamu wa kutuambia tunapenda nini.